Sikio la San Fausto

Kusikia ni kitu kimoja na kusikika ni kingine, na watu wa San Fausto walikuwa wamejaliwa hicho cha kwanza tu. Kila asubuhi, akishamaliza uji wake wa ndizi, Lizardo Canaquiri aliketi mbele ya redio ya kijiji, akaiwasha, na sauti ya Noemí wa hospitali ya Santa Eufemia ikaingia kibandani safi kama ya jirani aliyekuja kuomba chumvi. Noemí alikuwa na mlingoti wa antena mrefu kuliko mti wowote wa mto Mashacuri, na jenereta ya serikali nyuma yake. Aliviita vijiji vya mto kimoja kimoja, kuanzia vya chini hadi vya juu, navyo vikaitika. Cha mwisho kilikuwa San Fausto.

"San Fausto, San Fausto, mnanipata?"

Lizardo alibonyeza kitufe na kujibu kwamba wanampata, wote wazima, maji yamepanda. Akakiachia, akasubiri. Noemí naye akasubiri kidogo kwa adabu, kisha akasema kama jana na juzi kwamba San Fausto hawapatikani, akafunga.

"Wewe mwanaume," Zoila mkewe alimwambia siku moja kutoka mekoni, "kila siku ya Mungu unamjibu mwanamke asiyekusikia. Mimi ninayekusikia, nikikuuliza jambo unanijibu 'mm'."

"Mm," Lizardo akasema, na Zoila akamrushia ganda la ndizi.

Haikuwa hivyo siku zote. Fundi aliyekuja zamani kuifunga ile redio alimweleza Lizardo kwamba sauti ikitoka kwenye waya wa antena haiendi kama mshale. Inatawanyika pande zote kama mwanga wa taa, na kadiri inavyokwenda inazidi kuwa nyembamba. Ukisimama mbali mara mbili, usidhani utapata nusu yake, utapata robo. Ukisimama mbali mara tatu, unaambulia fungu moja katika tisa. Lizardo aliipenda hesabu hiyo kupita kiasi. Kila palipokuwa na masato, ile pombe yetu ya muhogo, aliirudia, akionyesha kwa bakuli: pombe ni ile ile, lakini wanywaji wameongezeka mara nne, sasa kila mmoja atapata nini? Wenzake walimwambia atapata kidogo zaidi kama yeye hataacha kuongea na kuliachia bakuli.

Kwa sababu ya hesabu hiyo watu wa mto walikuwa na desturi yao. Aliye katikati humbebea sauti aliye mbali. Kati ya San Fausto na hospitali kilikuwapo kijiji cha Tangarana, na mwenye redio ya Tangarana alikuwa Wilfor Ahuanari, ambaye hakuna aliyemwita Wilfor. Aliitwa Shansho, kama yule ndege wa kandokando ya maziwa anayepiga kelele kutwa na hanyamazi hata ukimtupia kuni. Shansho alimsimamia binti wa Lizardo ubatizo, kwa hiyo walikuwa makompadre, na ukompadre huku si jina la kuitana tu, ni undugu wenye madai. Miaka na miaka Lizardo alisema, Shansho akarudia, Noemí akasikia. Noemí akajibu, mambo yakaenda.

Na palikuwa na sharti la pili. Ikitokea huyo wa katikati hayupo, na wewe una neno zito, basi unalitupa. Unasema ujumbe wako wote mara tatu, taratibu, kama vile kuna mtu anayekusikiliza, kwa maana hujui nani kawasha redio yake wapi. Ukishatupa, unakaa na kusikiliza. Hutoki, huzimi. Wazee walioanzisha desturi hii ya redio walilikazia sana hilo la kukaa, maana aliyelisikia neno lako anaweza kuwa naye anahangaika kukujibu.

Kisha mnara wa simu ukasimamishwa Tangarana. Watu walichinja nguruwe. Shansho akapata simu yenye kioo kikubwa, redio ikahamia kwenye rafu ya juu pamoja na buibui, na mkewe akaona ule waya wa antena unafaa kuanikia nepi. Usiache mbachao kwa msala upitao, ndivyo wasemavyo, lakini nani amwambie hivyo mtu mwenye simu mpya? Mnara ule haukufika San Fausto, wala haukuwa na nia ya kufika. Tangarana walipata mdomo wa kuongea na dunia, na San Fausto wakapoteza wa kwao. Hakuna aliyewauliza.

Zoila aliumwa na nyoka asubuhi, shambani, akiwa ameinama kung'oa muhogo. Alikuwa jergoni, rangi ya majani makavu, unayemkanyaga kabla hujamwona. Alimng'ata juu ya kifundo cha mguu. Zoila alimuua kwa panga, maana hakuwa mwanamke wa kudaiwa, kisha akatembea mwenyewe hadi njia panda ndipo akaita. Walimbeba kwa machela hadi nyumbani, na walipomshusha mguu ulikuwa umeshajaa hadi gotini.

Muuguzi wa zahanati ya San Fausto alikuwa ameshuka mjini likizo, na likizo ya wauguzi wa San Fausto haina mwisho unaojulikana. Kabati la dawa lilikuwa na vidonge vya minyoo. Mama yake Zoila, Mama Tarcila, alikuja na mizizi yake na maji yake ya moto, akamfunika bintiye kwa chandarua chenye kitambaa kizito juu, akatangaza mlangoni kwamba hapiti mtu. Aliyeumwa na nyoka haonwi na mwanamke mwenye mimba, hata kwa mbali, kwa sababu jicho la mwenye mimba huiamsha sumu ikapanda moyoni. Na nani anajua nani ana mimba changa? Kwa hiyo haonwi na yeyote. Lizardo hakubishana. Alikuwa amekua akilijua hilo kama anavyojua kwamba moto unaunguza.

Noemí alirudi hewani kila mchana kwa matangazo, na saa hizo zilipofika Lizardo alikuwa amekwisha kaa redioni. Mvua ilikuwa imenyesha mfululizo, kibao cha sola hakikuona jua, na betri ilikuwa kuukuu. Redio ikiwa inasikiliza tu, betri ile iliweza. Ukibonyeza kuongea, taa ya kijani ilififia kama jicho la mtu anayesinzia. Lizardo alimsikia Noemí akisoma matangazo ya chanjo, neno kwa neno, hata kikohozi chake. Akamwita. Akamwita tena kwa kupiga kelele, ingawa alijua kelele haiongezi nguvu ya redio hata chembe.

"San Fausto hawapatikani," Noemí akasema. "Haya, jioni njema wote."

Alikaa pale akiishika redio kwa mikono miwili. Kwa mara ya kwanza alimchukia yule mwanamke ambaye hajawahi kumwona, na sauti yake nzuri. Kisha akautupa ujumbe. Alisema mara tatu, taratibu, kama alivyofundishwa: hapa San Fausto, Zoila Manuyama ameumwa na jergoni mguuni, hakuna dawa, tunaomba mashua na sindano ya kuua sumu. Mara ya tatu taa ya kijani ilikuwa haionekani tena isipokuwa ukiikinga kwa kiganja.

Nyumba zetu hazina kuta za kuficha neno. Zoila alikuwa amesikia yote chini ya chandarua.

"Umetupa?" akauliza.

"Nimetupa."

"Basi kaa usikilize."

"Betri itakufa, Zoila. Hii iliyobaki nikiilinda, kesho alfajiri tunashuka nayo. Tukifika nusu ya njia tu, sauti itakuwa na nguvu mara nne. Pale lazima wanisikie."

"Wewe na mara nne zako," Zoila akasema. Ufizi wake ulikuwa umeanza kutoa damu na maneno yalitoka na mate. "Sharti ni kukaa."

"Sharti liliwekwa na watu wenye betri nzima."

Akaizima. Akachomoa nyaya, akaifunga redio kwa nailoni na kamba pamoja na betri, akateremsha antena mlingotini na kuizungusha mkononi kama kamba ya kufungia mbuzi. Kushuka mto jioni ile hakukuwezekana. Maji ya mafuriko yalikuwa yanateremsha magogo, na gogo usiloliona linapasua mtumbwi kama kibuyu. Basi alikaa kando ya mkewe akimpepea hadi kulipopambazuka, na ile redio ilikuwa kifurushi tu karibu na mlango.

Asubuhi walimlaza Zoila katikati ya mtumbwi, juu ya majani ya migomba, na Mama Tarcila akamfunika vizuri na kukaa kichwani pake. Mguu ulikuwa mweusi. Lizardo alitia injini ndogo petroli yote aliyoipata kijijini, na haikuwa nyingi. Majirani walisimama mbali kwenye ukingo, wanawake wamegeuza nyuso. Mmoja aliuliza kama redio nayo inakwenda. Lizardo akasema ndiyo, redio ndiyo safari yenyewe.

Chini kidogo ya San Fausto mto unakata kona kubwa, ndefu, yenye vijiji na bandari zake pande zote mbili. Lakini maji yakipanda, hufunguka njia ya mkato katikati ya msitu, sakarita, ambapo mtumbwi unapita chini ya matawi na kutokea upande wa pili bila kuizunguka kona. Mama Tarcila alitaka sakarita kwa ajili ya macho ya watu. Kwenye mto mkubwa kila bandari ina wanawake wanaofua, nani atawaambia wageuke wote? Lizardo alitaka sakarita kwa ajili ya petroli. Hivyo hawakuhitaji hata kuulizana.

Ndani ya sakarita injini haifai, magugu yanaikaba. Aliizima, akachukua upondo na kusukuma. Palikuwa kimya, maji meusi, harufu ya majani yaliyooza. Zoila alikuwa akiongea na mtu asiyekuwapo kuhusu kuku. Kisha akanyamaza, na katika ukimya ule wakasikia, mbali upande wa kulia nyuma ya miti, injini. Si ya mtumbwi. Ilikuwa injini kubwa ya mashua ya mbio, inapanda mto kwa nguvu zake zote. Ilikuja, ikawa karibu kiasi cha ndege kuruka, kisha ikaanza kupungua, ikapungua, ikawa kama mbu, ikaisha.

"Nani huyo?" Zoila akauliza, akili imemrudia.

"Matajiri wa magogo," Lizardo akasema. "Nani mwingine ana petroli ya kuchezea?"

"Mfunike uso," Mama Tarcila akasema, ingawa uso ulikuwa umefunikwa, na ingawa kati yao na ile mashua palikuwa na msitu mzima.

Walitokea upande wa pili jua likiwa juu. Mdomoni mwa sakarita pana kilima kidogo kisichofunikwa na maji hata mwaka wa mafuriko, na hapo ndipo Lizardo alikuwa amepapanga kichwani tangu jana. Walimshusha Zoila kivulini. Akapanda mti mmoja, akafunga ncha ya waya, akapanda wa pili, akafunga ncha nyingine, akashuka mikono imechubuka. Aliunganisha nyaya za betri. Ilikuwa imepumzika usiku kucha, na taa ya kijani ikawaka. Alisema, na sauti yake mwenyewe ikamshangaza kwa utulivu, kwamba hapa ni San Fausto, San Fausto anaita, yeyote anayesikia.

Hakumaliza hata kuvuta pumzi.

"Lizardo! Kompadre! Mungu mkubwa, nakupata, nakupata kama umekaa jikoni kwangu!" Alikuwa Shansho, na kwa mara ya kwanza maishani Lizardo alitamani aendelee kupiga kelele. "Nimekuita tangu jana jioni mpaka koo limekauka. Mbona hujibu? Haya, wameshafika? Wameshamdunga?"

"Nani wamefika?"

"Mashua, kompadre. Mashua ya hospitali."

"Mashua gani?"

Redio ilivuma kidogo. Shansho aliposema tena alisema polepole, jambo ambalo si desturi yake. Jana mchana mnara wa simu ulikuwa umezimika kwa ile mvua, akaiteremsha redio ya zamani rafuni ili angalau asikie watu. Akatoa nepi za mkewe kwenye waya. Akasikia kitu kidogo, kama mbu ndani ya chupa, akatega sikio, kikajirudia, akalitambua jina la komadre wake Zoila na neno jergoni. Alijibu papo hapo. Alijibu mpaka mkewe akadhani amepagawa. Jioni simu ziliporudi akampigia Noemí nyumbani kwake, na Noemí akaenda mwenyewe kumgongea daktari. Mashua iliondoka kabla ya mapambazuko, ikiwa na muuguzi, na sindano kwenye sanduku la barafu.

"Nilikuambia ukae," Shansho akasema. "Usiku kucha nilikuwa nasema, kompadre kaa hapo hapo, usimwondoe, mashua inakuja. Sasa hivi wako San Fausto. Wewe uko wapi?"

Lizardo alimwambia alipo.

"Yesu," Shansho akasema. Kisha, "Ngoja. Ngoja kwanza. Huko juu simu yao haishiki, na mashua ile haina redio. Basi mimi niite San Fausto, niwaambie wageuze..." Alikuwa amelifikia mwenyewe.

"Redio ya San Fausto ninayo mimi," Lizardo akasema.

Hesabu yake ilikuwa sahihi. Hilo ndilo lililomkaa kooni baadaye, na hakuna aliyeweza kumtolea. Alikuwa amesogea hadi nusu ya njia na sauti yake ilikuwa imepata nguvu mara nne, kama fundi alivyosema, wala fundi hakumdanganya. Isipokuwa hapakuwa na haja. Alikuwa amekwisha kusikika jana, kwa betri mbovu, kutoka nyumbani kwake, na alichopaswa kufanya ni kukaa kwenye kigoda chake kama mtu mwenye adabu. Yeye akauchukua mdomo wa kijiji akaenda nao, na sikio likaenda pamoja na mdomo, kwa sababu vyote viwili vimo ndani ya kasha moja. Mtu wa mjini mwenye simu mfukoni hawezi kufanya kosa hilo. Ni letu sisi wa mwisho wa mto.

Shansho alisema wasiende popote. Tangarana hakuna dawa, dawa iko kwenye mashua tu. Watu wa San Fausto watawaambia wale wa mashua kwamba Lizardo ameshuka, watageuza, watapita hapo mbele ya mdomo wa sakarita, lazima. Wao wajionyeshe tu. Lizardo akakubali. Alikubali upesi sana, kama mtoto aliyechapwa. Safari hii angekaa.

Akamwomba mama mkwe wake chandarua. Mama Tarcila hakutaja mimba wala macho ya watu. Alimfunua bintiye, na Lizardo akakifunga kile chandarua na kile kitambaa kizito kwenye upondo na kuusimika ukingoni ili mtu yeyote apitaye mtoni auone. Siku mbili walikuwa wamemficha asionekane. Sasa mwanamke alilala wazi chini ya mti, na hapakuwa na mtu wa kumwona.

Mto ulipita. Gogo moja lilishuka, na juu yake kasa watatu wakiota jua. Mama Tarcila alimlowesha bintiye midomo kwa maji ya ndizi, na maji yakatoka na rangi nyekundu. Kila baada ya muda Shansho aliita kuuliza kama wameiona mashua, na Lizardo akajibu bado, na sauti zao zilikuwa safi mno, hazina hata mkwaruzo, ungesema watu wawili wanaongea juu ya ua. Aliona haya kwa usafi ule. Mwisho akamwambia kompadre wake aache kuuliza.

"Nisamehe," Shansho akasema. "Zile nepi. Ningekuwa naisikiliza siku zote kama zamani, ungejua nipo. Ungesubiri."

Lizardo alifikiri kumwambia kwamba si kosa lake. Lilikuwa kosa lake, kwa sehemu, na petroli na mvua na likizo ya muuguzi zilikuwa na sehemu zao, lakini kila alipogawanya, fungu la Lizardo mwenyewe halikupungua.

Zoila alifumbua macho jua likiwa limeanza kuegemea upande wa pili wa mto. Alitazama majani juu, kisha waya wa antena uliopita kati ya miti, kisha mumewe.

"Wamekusikia?" akauliza.

"Wamenisikia. Vizuri kabisa."

"Si nilikuambia." Alijaribu kucheka. "Tangu lini?"

Lizardo alifungua kinywa. Alikuwa na neno lote, tayari, lilikuwa limemkaa ulimini: tangu jana. Tangu jana jioni, mke wangu, wakati wewe ukiniambia nikae. Alimtazama zile nywele zilizogandamana kwenye paji la uso.

"Mm," akasema.

Zoila akafumba macho. Alipumua muda mrefu baada ya hapo, kwa kukoroma, na Mama Tarcila alianza kuimba chinichini wimbo wa kubembeleza watoto kwa lugha ya wazee, ile ambayo Lizardo hakuielewa vizuri. Alipoacha kuimba Lizardo hakuhitaji kugeuka ili ajue.

Mashua ilikuja baadaye, ikiwa imewatafuta bandari kwa bandari kwenye ile kona. Waliisikia kutoka mbali sana juu ya mto, nyembamba kwanza, kisha ikanenepa, kisha ikajaza mto mzima, na nahodha akakiona kile chandarua na kukata moto. Muuguzi aliruka na sanduku lake kabla mashua haijagusa ukingo. Alikuwa msichana mgeni wa nyanda za juu, amevaa mabuti makubwa kuliko miguu yake. Alipiga magoti, akashika shingo ya Zoila, akakaa hivyo. Kisha akafungua lile sanduku bila sababu yoyote, kama vile alitaka kuhakikisha tu, na baridi ikatoka humo ikamgusa Lizardo mkononi. Barafu ilikuwa bado nzima.

"Tulipita hapa asubuhi," msichana akasema. "Tulipita hapa hapa."

"Tuliwasikia," Lizardo akasema.

Aliwasaidia kumpakia Zoila ili arudishwe nyumbani kwa mashua, safari hii kwa mto mkubwa, mbele ya bandari zote, na wanawake waliokuwa wakifua walisimama na kutazama, wenye mimba na wasio nayo. Mama Tarcila hakumfunika. Redio ilikuwa imesahauliwa chini ya mti, ikiwa imewashwa, na nahodha ndiye aliyerudi kuichukua. Alisema kuna mtu ndani yake analia.

Baada ya mazishi hospitali ilileta betri mpya San Fausto, na kibao cha sola kikubwa zaidi, na hotuba. Shansho naye alimnunulia mkewe kamba ya kuanikia, akaufuta waya wake na kurudi kwenye zamu, na hadi leo hajakosa asubuhi hata moja. Mambo yamenyooka. Kila siku Noemí anaita vijiji kimoja kimoja, kuanzia vya chini, na anapofika cha mwisho anaita kwa sauti ya upole zaidi, kwa kuwa anajua.

"San Fausto, San Fausto, mnanipata?"

"Nakupata."

"Nami nakupata vizuri, Don Lizardo, sauti yako safi kabisa leo. Una ujumbe wowote?"

Mekoni hakuna moto. Lizardo hubonyeza kitufe.

"Sina," husema, na anabaki amekaa pale pale, redio imewashwa, mpaka mchana.